Mapumziko Baharini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matumizi ya Muda Katika Meli ya Kitalii

Majibu yafuatayo yameandaliwa kwa ajili ya abiria anayejiandaa kwa safari ya mapumziko katika meli ya kitalii, hasa yule anayepanda kwa mara ya kwanza, ambaye amekwisha kulipia nafasi yake au yu karibu kulipia, na sasa anajiuliza saa zote hizo atazipitishaje. Masuala ya viza, bima na namna ya kufungasha mizigo yameachwa kando, isipokuwa pale yanapogusa muda wenyewe wa mapumziko.

Je, sitachoka kukaa juu ya maji kwa wiki nzima?

Hofu hii huwapata wengi kabla ya safari na huwatoka mapema baada ya kupanda, kwa kuwa katika meli za kisasa shughuli zilizopangwa huzidi saa za kuzifanya. Mgeni wa meli mara nyingi hujaribu kufuata kila kilichoandikwa katika ratiba, akakimbia kutoka chumba cha masaji hadi darasa la dansi, kutoka hapo hadi kwenye mchezo wa bingo, na ifikapo siku ya nne akawa amechoka kuliko alivyotoka nyumbani. Ushauri unaojirudia katika majibu haya ni kwamba mtu achague mambo mawili au matatu kwa siku, na mengine ayaache yapite bila majuto.

Safari za namna hii, tangu asili yake, hazikubuniwa ili mtu afike mahali. Mwaka 1891 Albert Ballin, mmoja wa viongozi wa kampuni ya meli ya Hamburg, aliituma meli ya Augusta Victoria kuzunguka Bahari ya Mediterania wakati wa majira ya baridi, msimu ambao abiria wa kuvuka Atlantiki ya Kaskazini walikuwa wachache na meli ingekaa bila kazi. Abiria walilipa nauli ili wazungushwe na kurudishwa walikotoka. Anayeelewa jambo hilo hatahesabu siku isiyo na bandari kuwa ni siku iliyopotea.

Je, ukubwa wa meli unabadilisha namna ya kupumzika?

Unabadilisha sana, pengine kuliko orodha ya bandari zitakazotembelewa, na ni vyema suala hili lifikiriwe kabla ya kulipa. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami mnamo Januari 2024, ina sitaha 20, mabwawa saba ya kuogelea na uwezo wa kubeba abiria wapatao 7,600 ikiwa imejaa. Katika meli ya ukubwa huo mtu anaweza kuteleza juu ya maji asubuhi, kutazama maonyesho ya kuteleza kwenye barafu jioni, na asiione bahari yenyewe siku nzima. Mashindano ya kampuni katika kuongeza michezo yamedumu kwa miaka mingi: Voyager of the Seas ilileta uwanja wa barafu na ukuta wa kupanda mwaka 1999, Freedom of the Seas ikaongeza mawimbi ya kutengenezwa ya kutelezea mwaka 2006, na Mardi Gras ikaanza kubeba abiria mwaka 2021 ikiwa na reli ya kwanza ya mizunguko ya kasi (roller coaster) kuwahi kuwekwa melini.

Meli ndogo zina tabia nyingine kabisa. Kwa mfano, katika safari za Antaktika meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kuteremsha watu, na katika eneo moja watu wasiozidi 100 ndio wanaoweza kuwa nchi kavu kwa wakati mmoja. Abiria wa huko hapewi bwawa lenye maporomoko wala kasino. Hupewa mihadhara ya wataalamu wa ndege na barafu, darubini, na saa nyingi za kutazama. Mwenye watoto wa umri wa shule ataifurahia zaidi meli kubwa. Anayetaka kusoma, kulala na kuongea bila kelele aitafute meli ndogo, hata kama ina bandari chache za kujivunia.

Ratiba ya kila siku hupatikana wapi, na isomwe vipi?

Zamani karatasi ya ratiba iliwekwa chumbani kila jioni, na baadhi ya kampuni bado hufanya hivyo au huitoa kwa anayeiomba kwenye meza ya huduma. Nyingi zimeihamishia kwenye programu ya simu, ambayo hufanya kazi kwa mtandao wa ndani wa meli bila abiria kununua intaneti. Inafaa kuipakua programu hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa siku ya kupanda watu maelfu hujaribu kuipakua kwa wakati mmoja.

Ratiba isomwe jioni kwa ajili ya kesho yake, na isomwe kwa utaratibu ufuatao: kwanza yatazamwe mambo yenye saa isiyobadilika, kama vile saa ya kufika na kuondoka bandarini, saa ya chakula na onyesho lililowekewa nafasi, kisha lichaguliwe jambo moja la kujifunza au la kuchangamsha mwili, na sehemu iliyobaki iachwe tupu. Mihadhara inayoitwa ya kitaalamu isomwe kwa jicho kali. Baadhi ni mihadhara ya kweli, ya historia au ya elimu ya bahari, lakini ile yenye maneno kama "siri za vito" au "afya ya miguu" mara nyingi ni mauzo yaliyovikwa joho la elimu, na mwisho wake ni kaunta ya kulipia.

Ni burudani zipi zimo ndani ya nauli, na zipi hulipiwa zaidi?

Kwa kawaida nauli hujumuisha maonyesho ya ukumbini, muziki, mabwawa, ukumbi wa mazoezi, maktaba, michezo mingi ya sitahani, klabu za watoto na milo katika kumbi kuu za chakula. Vinavyolipiwa zaidi ni vinywaji vyenye kilevi, migahawa maalumu, masaji, kasino, picha za wapiga picha wa meli, matembezi ya nchi kavu, na mara nyingi madarasa ya mazoezi yenye mwalimu. Bakshishi ya wahudumu katika kampuni nyingi huongezwa yenyewe kwenye hesabu ya chumba kwa kila mtu kwa kila siku.

Hatari ya kifurushi cha vinywaji haimo kwenye fedha peke yake. Aliyelipia kifurushi cha siku nzima hujiona ana deni la kunywa, na siku yake ikaanza kuzungushwa na baa. Yeyote asiyekuwa mnywaji mkubwa anyweshwe na kiu yake, alipie glasi mojamoja.

Siku ya baharini, isiyo na bandari, itumike vipi?

Hii ndiyo siku inayoitofautisha safari ya meli na mapumziko mengine yote, na ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi zaidi. Asubuhi, kabla ya saa 2, sitaha huwa karibu tupu. Meli nyingi zina njia ya kutembea inayozunguka sitaha, na kibao kinachoonyesha idadi ya mizunguko inayotimiza maili moja. Katika Queen Mary 2, inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, mizunguko mitatu ya sitaha ya matembezi ni takriban kilomita 1.8. Kutembea hapo kabla ya kifungua kinywa, upepo wa bahari ukiwa usoni, kunamfaa mtu kuliko kukimbia juu ya mashine ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ingawa mashine nazo huwa mbele ya dirisha zuri.

Baada ya saa 4 watu hufurika kwenye bwawa, na huo ndio wakati wa kuondoka hapo. Saa za katikati ya mchana zinafaa kwa mambo ya ndani: maktaba, karata, sataranji, darasa la lugha au la mapishi, mazungumzo ya nahodha au mhandisi pale yanapotolewa. Queen Mary 2 ina maktaba yenye maelfu ya vitabu na ukumbi wa kuonyeshea nyota, wa kwanza kuwekwa katika meli ya abiria. Lakini hata meli ya kawaida huwa na rafu ya vitabu vya kuazima na meza ambayo kuna fumbo la picha lililokwisha kuanzwa na mtu mwingine. Kukaa kwenye meza hiyo ni njia rahisi ya kupata marafiki, kwa sababu mikono ina kazi na mazungumzo hayalazimishwi.

Alasiri watu wengi hulala, na hakuna haja ya kuomba radhi kwa usingizi huo. Abiria hutumia fedha nyingi kufika mahali ambapo hapigiwi simu, kisha akaona haya kulala saa 9 alasiri. Jua likianza kushuka, arudi sitahani, upande wa tezi (nyuma ya meli) ikiwezekana, ambako mkondo mweupe wa maji hubaki nyuma ya meli hadi kwenye upeo wa macho. Huko nyuma upepo huwa mdogo kuliko omoni, yaani mbele ya meli, na mara nyingi viti huwa vingi.

Je, ni kweli kwamba siku ya melini inaweza kuwa na saa 25?

Ni kweli. Meli inayovuka Atlantiki kuelekea magharibi hurudisha saa nyuma kwa saa moja katika usiku mmoja baada ya mwingine, mara tano hadi kufika New York kutoka Uingereza, na abiria hulala saa moja zaidi kila inapofanyika hivyo. Anayekwenda mashariki hupoteza saa hizo hizo. Kwa sababu hii wasafiri wazoefu huipenda zaidi safari ya kuelekea magharibi, na anayefika kwa njia hiyo hapati uchovu wa kubadilisha majira kama ule wa ndege. Katika Pasifiki, meli inayovuka mstari wa tarehe (mstari wa kuwaziwa ambapo tarehe hubadilika) kutoka magharibi kwenda mashariki huwa na tarehe moja mara mbili, na inayokwenda upande wa pili huruka siku nzima.

Ni wakati gani napaswa kuacha kila kitu na kusimama sitahani?

Kwanza, kila meli inapoingia au kuondoka bandarini. Wakati huo rubani wa bandari hupanda au kushuka kwa ngazi ya kamba kutoka kwenye boti yake huku meli ikiendelea kutembea, kamba nzito hufunguliwa gatini, na chombo kirefu kuliko viwanja vitatu vya mpira hugeuzwa ndani ya eneo dogo kwa ustadi. Ajabu ni kwamba abiria wengi huwa kwenye foleni ya chakula wakati huo.

Pili, katika njia zinazosifika. Mfereji wa Panama, uliofunguliwa mwaka 1914, una urefu wa takriban kilomita 80, na kuuvuka huchukua kati ya saa 8 na 10. Milango ya maji huiinua meli hadi mita 26 juu ya usawa wa bahari, kwenye ziwa la Gatún, kisha huiteremsha upande wa pili. Katika milango ya zamani meli huongozwa na magari ya reli yanayokwenda sambamba nayo kando ya kuta, na nafasi kati ya ukuta na ubavu wa meli huwa ndogo kiasi cha kumshangaza mtu. Kwa umbo la nchi ilivyopinda, meli inayotoka Atlantiki kwenda Pasifiki hutokea mashariki zaidi ya ilipoingilia, jambo ambalo huzua ubishi kwenye meza za chakula hadi ramani iletwe. Siku hiyo isipangiwe kitu kingine chochote. Mfereji wa Suez, wenye urefu wa kilomita 193, hauna milango ya maji. Mvuto wake ni jangwa lililo pande zote mbili na msafara wa meli zinazofuatana.

Glacier Bay huko Alaska haina bandari ya kuteremkia abiria wa meli hizi. Meli mbili tu za kitalii huruhusiwa kuingia kwa siku, askari wa hifadhi hupanda melini ili kueleza kinachoonekana, na meli husimama mbele ya barafuto, yaani mto wa barafu, watu wakisubiri kipande kimeguke. Kinachohitajika ni nguo nzito, darubini na subira. Geirangerfjord ya Norway, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005, huonekana vyema asubuhi na mapema meli inapopenya kati ya kuta za milima, na anayeamka baada ya kutia nanga huwa amekosa nusu ya uzuri wake. Stromboli, karibu na Sisilia, hutazamwa usiku, volkano inaporusha moto wake mwekundu.

Tatu, wakati wowote sauti ya nahodha inapotangaza nyangumi au pomboo. Abiria asikimbilie kamera, mnyama huonekana kwa sekunde chache, na anayehangaika na simu hubaki na picha ya maji. Katika bahari za joto, samaki aina ya panzi huruka mbele ya meli kwa umbali wa kushangaza, na hawatangazwi na mtu yeyote.

Bandarini nijiunge na matembezi ya meli au nijitegemee?

Matembezi yanayouzwa na meli ni ghali zaidi, huwa na watu wengi ndani ya basi, na huacha muda mdogo wa kusimama mahali panapopendeza. Hata hivyo yana faida moja kubwa: basi lao likichelewa, meli kwa kawaida huwangoja au kampuni hugharimia kuwafikisha bandari inayofuata. Anayejitegemea akichelewa, meli huondoka. Ataiona ikiwa baharini na gharama za kuifuata zitakuwa zake.

Uamuzi utegemee umbali. Majina ya bandari katika vipeperushi hudanganya: bandari inayoitwa "Roma" ni Civitavecchia, iliyo karibu kilomita 80 kutoka mjini, "Paris" ni Le Havre, takriban kilomita 200, na "Berlin" ni Warnemünde, zaidi ya kilomita 200 vilevile. Tuseme meli imefika saa 1 asubuhi na itaondoka saa 12 jioni. Abiria huanza kuteremka baada ya ukaguzi wa mamlaka, na hutakiwa kurudi nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka, kwa hiyo saa 11 zilizoandikwa hubaki takriban tisa. Ukitoa saa sita za kwenda na kurudi Berlin, siku nzima imekwenda barabarani. Kwa safari ndefu kama hiyo, ama mtu anunue matembezi ya meli, ama asiende. Mahali ambapo meli hufunga gati katikati ya mji, kujitegemea ni bora karibu kila mara.

Jambo la kuangaliwa mno ni saa. Meli hufuata saa yake yenyewe, ambayo huenda isilingane na saa ya nchi kavu, na simu hujibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa huko. Saa ya kawaida ya mkononi, iliyowekwa kwa muda wa meli, imewaokoa wengi. Pale ambapo meli hutia nanga nje na watu huvushwa kwa boti ndogo, iongezwe nusu saa nyingine kwa ajili ya foleni ya kurudi.

Je, ni vibaya kubaki melini wakati wengine wameteremka?

Hata kidogo. Siku ya bandarini, kati ya asubuhi na alasiri, bwawa huwa tupu, chumba cha mvuke huwa kimya, na masaji mara nyingi huuzwa kwa punguzo. Katika safari yenye bandari nyingi mfululizo, kuiacha moja kwa hiari ni busara. Kasino na maduka ya melini pekee ndiyo kwa kawaida hufungwa, kwa kuwa sheria za kodi na za kamari za nchi husika huanza kutumika meli inapokuwa ndani ya maji yake.

Nawezaje kupata kiti kando ya bwawa?

Katika kampuni nyingi ni marufuku kutandika taulo juu ya kiti na kuondoka, na wahudumu huondoa vitu vilivyoachwa kwa muda uliowekwa, ambao mara nyingi ni nusu saa. Sheria hii hutekelezwa kwa ulegevu. Badala ya kugombana, panda sitaha moja juu au nenda tezini. Kumbuka pia kuwa si kila meli ina waokoaji kwenye mabwawa, na bahari ikichafuka mabwawa hufungwa kwa wavu.

Mazoezi ya dharura hukatiza mapumziko. Je, naweza kuyakwepa?

Hapana. Mnamo Januari 13, 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia na watu 32 wakafariki; mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo hiyo walikuwa bado hawajafanya mazoezi, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu yafanyike ndani ya saa 24. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliozaliwa mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, ukarekebishwa, na tangu mwaka 2015 mazoezi hufanyika kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka. Katika meli nyingi siku hizi abiria hutazama video kwenye simu au televisheni, kisha hufika kwenye kituo chake cha kukusanyikia ili aandikishwe. Huchukua dakika chache. Yamalizwe mapema, kabla ya kufungua begi.

Watoto watafanya nini, na wazazi watapumzika lini?

Klabu za watoto kwa kawaida hupokea watoto kuanzia miaka mitatu wanaojitegemea chooni, na huwagawa kwa umri. Walio chini ya hapo hupokelewa katika chumba cha watoto wachanga kwa malipo, endapo kipo. Kampuni nyingi hukataa mtoto aliye chini ya miezi sita, na hutaka miezi 12 kwa safari ndefu za kuvuka bahari kuu. Mzazi ampeleke mtoto klabuni siku ile ile ya kwanza, kwa kuwa urafiki wa watoto hufungwa siku hiyo, na anayeletwa siku ya tatu hukuta makundi yamekwisha kujipanga. Vijana wa miaka kumi na kitu waachiwe uhuru kidogo, pamoja na saa na mahali pa kukutana panapojulikana, maana simu huenda zisifanye kazi.

Kwa upande wa pili, asiyetaka kelele za watoto anazo kampuni kama Viking na Virgin Voyages, ambazo meli zake za baharini huchukua watu wazima pekee.

Ninasafiri peke yangu. Je, sitakuwa mpweke?

Chumba cha watu wawili akikaa mmoja huongezewa gharama, na hilo ndilo lalamiko kubwa la wasafiri wa aina hii. Norwegian Epic ilianzisha mwaka 2010 vyumba vidogo vya mtu mmoja vyenye ukumbi wao wa pamoja, na kampuni nyingine zikafuata kwa viwango mbalimbali. Kuhusu upweke, dawa yake ni meza ya chakula: omba meza ya watu wengi kwa saa maalumu ya kila jioni, na ndani ya siku mbili utakuwa na watu wa kukuuliza ulikuwa wapi mchana. Mashindano ya maswali ya chemsha bongo nayo hukusanya timu kutoka kwa watu wasiojuana, na huko ubishi wa kirafiki hauishi.

Kichefuchefu cha bahari kikinipata, mapumziko yataishia kitandani?

Si lazima. Meli kubwa zina mapezi ya chini ya maji yanayopunguza kuyumba, na wengi hawahisi kitu. Mwenye wasiwasi achague chumba cha katikati ya meli kwenye sitaha za chini, kwa kuwa omo, tezi na sitaha za juu ndizo zinazoyumba zaidi. Hali ikianza, aache kusoma, atoke nje, akazie macho kwenye upeo wa bahari, ale kidogo kidogo vyakula vikavu na atafune tangawizi. Dawa za kuzuia kichefuchefu hufanya kazi vizuri zaidi zikitumiwa kabla ya dalili, na kadhaa kati yake huleta usingizi, hivyo daktari au mfamasia aulizwe kabla ya safari, hasa kwa wajawazito, watoto na wenye maradhi ya kudumu.

Je, nahitaji intaneti?

Tangu mwaka 2022 kampuni kubwa kadhaa zimefunga mfumo wa setilaiti wa Starlink, na kasi imeboreka kiasi kwamba mtu anaweza kufanya kazi kama kawaida, jambo ambalo kwa maoni ya mwandishi ni hasara iliyovaa sura ya faida. Anayeweza asinunue, atumie mtandao wa nchi kavu bandarini. Vyovyote vile, simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni mara tu meli inapoondoka, kwa sababu mnara wa simu wa melini hutoza bei kubwa hata bila mtu kupiga.

Na usiku?

Onyesho kuu hurudiwa mara mbili kwa jioni, na la pili huwa na watu wachache. Baada ya hapo kila mtu na mapenzi yake: muziki, dansi, kasino, au sinema ya sitahani. Pasipo mwezi, katikati ya bahari kuu, tafuta sehemu ya sitaha isiyo na taa kali, yape macho dakika ishirini yazoee giza, na kilimia pamoja na nyota nyingine zitaonekana kwa wingi ambao mkazi wa mjini hakuwahi kuuona. Baadhi ya meli hupunguza taa za sitaha kwa saa fulani kwa ajili hiyo; ulizia kwenye meza ya huduma.

Kuna tahadhari gani ya afya inayogusa burudani?

Virusi vya noro, vinavyoleta kuharisha na kutapika, huenea upesi mahali watu wanapokula na kushika vitu kwa pamoja, na jeli ya kileo haiviui vizuri. Nawa kwa sabuni na maji kabla ya kula na baada ya kushika karata, mashine za kasino na vishikio vya ngazi. Anayeharisha au kutapika atoe taarifa na abaki chumbani, hata kama usiku huo ndio wa onyesho alilolingojea.

Siku ya mwisho ipangwe vipi?

Usiku wa mwisho mizigo mikubwa huwekwa nje ya mlango ikiwa na vitambulisho vya rangi, na huchukuliwa hadi bandarini. Dawa, pasipoti, chaja na nguo za kubadilisha zibaki kwenye mkoba wa mkononi. Kila safari kuna anayeamka na kugundua kuwa suruali zake zote zimekwenda. Asubuhi vyumba huachwa mapema, mara nyingi kati ya saa 2 na saa 3, na abiria husubiri zamu yao kwenye kumbi za wazi. Asiye na haraka achague zamu ya mwisho, anywe chai yake polepole sitahani, na tiketi ya ndege ya kurudi isiwe ya kabla ya saa 6 mchana, kwa kuwa ukungu, foleni ya gati au ukaguzi wa forodha huweza kuichelewesha meli nzima.